Gamba la Nyota Halina Ufa

Profesa Zéphirin aliizungushia namba, moja juu ya kumi, duara jekundu, akamrudishia Rachida tasnifu yake.

"Mutoto yangu, andika moja juu ya elfu. Jury ya watahini haitakuachilia."

Rachida, binti wa Sumaili mchomeleaji vyuma wa Kamalondo, alikuwa amehesabu kwa miezi kumi na minne jinsi gamba la nyota ya nyutroni linavyovunjika. Nyota hiyo ni mabaki ya nyota kubwa iliyokufa: uzito kupita wa jua, umebanwa ndani ya tufe lenye upana kama wa Lubumbashi. Hesabu zake zilisema gamba hilo huvumilia kupindwa hadi sehemu moja ya kumi ndipo livunjike. Mara tatu umeme ulikatika akaanza upya. Mara tatu jibu likawa lile lile.

"Sitabadilisha, Prof."

"Basi utajitetea peke yako."

Ijumaa akajitetea mbele ya watahini, baba yake akiwa mstari wa mbele. Musonda, mhandisi wa migodi aliyekuwa kwenye jury, alimkatiza.

"Mademoiselle, miaka makumi tatu napasula majiwe na chuma kule Kambove. Hakuna kintu haina ufa. Ufa kidogo tu, yote inaenda."

"Huku kwetu, ndiyo." Rachida alimgeukia. "Lakini ufa unahitaji nafasi ya kufunguka. Kule uzito unabana kila kitu, ufa unafungwa palepale. Gamba linashikilia lote. Likishindwa, linashindwa lote kwa mara moja."

"Nani alienda kuona?"

"Hakuna. Ndiyo maana tunahesabu. Kama iko kosa, munionyeshe mstari wenyewe, nitaufuta mbele ya bantu wote."

Musonda alipekua kurasa hadi ya mwisho, akazifunga.

Jury walimpitisha kwa alama ndogo, kwa sharti airekebishe namba iwe moja juu ya elfu.

"Andika tu ile yao, upate diplome," Sumaili alimnong'oneza.

"Papa, weye unaweza kuuzia muntu mulango, na unajua umeichomelea vibaya?"

Sumaili akampokonya shangazi Adija, aliyekaa kando yake, kopo la poda ya kuwamwagia waliofaulu, akammwagia binti yake kichwani lote.

Jumatatu Rachida alipeleka nakala tatu za tasnifu kwenye ofisi ya chuo, namba yake ile ile. Karani akazikataa. Akakaa kwenye benchi la ukumbini siku nne, akirudi kila asubuhi kabla mlango haujafunguliwa. Siku ya tano Profesa Zéphirin alitoka, akazitia nakala sahihi bila kumwangalia, akaongeza chini yake: *Anawajibika mwenyewe.*

Rachida alisoma maneno hayo mara mbili.

"Aksanti, Prof. Ni kweli kabisa."

Akaomba kalamu, akatia sahihi yake pembeni, kubwa kuliko ya profesa.