Hawo kwenye Kiti cha Nyuma

...na kama hii ni ngozi basi ni ngozi ya mnyama gani, haina harufu, haina mkunjo, haina hata kovu moja la kupe, Hawo akapitisha kidole juu ya kiti alichokalia, akakinusa kile kidole, akakuta hakina habari yoyote, ngozi ya ng'ombe hata ilale miaka ishirini chini ya kitanda bado inakwambia alikuwa ng'ombe gani na alikufa vipi, hii imeoshwa mpaka imesahau kwao... na mlango nao ndio huu, akakivuta kishikio mara ya pili, polepole, kama mtu anayejikuna, ili walio nje wasione, kishikio kikaja, mlango usije, akakiachia, akaweka mikono mapajani, akatazama mbele kama mtu aliyeamua mwenyewe kukaa. Umuro mwanawe ndiye aliyemfungia, ingia nyuma Mama, onja kiti, akausukuma mlango kwa heshima zake zote, ukalia puu, sauti ndogo ya kitu cha ghali, akaenda mbele kwa mkewe Sahro na kwa yule mwenye gari, Kang'ethe, na sasa wote watatu wameinama juu ya boneti lililofunguliwa kama watu waliofika kisimani wakakuta maji yameshuka. Kugonga kioo hagongi. Afadhali akae humu mpaka Idi kuliko Sahro aje kucheka kwamba mama mkwe ameshindwa na mlango. Gari dogo la Wajerumani, Umuro alisema, limetumiwa Japani na mtu mmoja mwangalifu, dogo lakini la heshima, la familia, mbele wawili nyuma watatu, Hawo akauliza huyo mtu mwangalifu kama gari ni zuri hivyo mbona amelitoa, Kang'ethe akacheka na kusema shosho karibu ndani, naye akamwambia, "Mimi si shosho yako, shosho yako yuko kwenu anakungoja umpelekee sukari." Akacheka tena. Mtu ukimtukana akacheka mara mbili ujue anauza.

Ngamia unamfungua mdomo, unatazama meno, unanusa pumzi, unambonyeza nundu kwa kiganja, unamwambia piga magoti, unamwambia simama, goti likilia unamwachia mwenyewe ukaenda zako, hili walilifungua mdomo pale mbele mbele ya macho yake na ndani akaona kifuniko cheusi cha plastiki kimefunika kila kitu, meno yote yamefichwa, na tumbo lake liko chini, chini kabisa, kama mbuzi wa mimba ya mapacha, hili litapita lami ya kwenda Meru kama maji lakini Kipsing halifiki, Kipsing litakalia jiwe la kwanza na kulia kama mtoto... na ngamia wako Kipsing, pamoja na ndama mmoja wa kijivu. Saba. Wako kwa Huqa, anawachunga tangu Ganya, mume wa Hawo, afe, na Huqa alipiga simu Ijumaa akasema kisimani watu wameanza tena kutazamana vibaya, akasema mama, ama tuwahamishe ama useme neno, neno gani wote wawili walijua. Kwa sababu bila neno lake hakuna wa kuuza hata mkia. Ganya alimkabidhi ngamia jike, mama wa ukoo wao, mbele ya wazee siku ile Hawo alipomzaa mtoto wa kwanza, Lul, akasema huyu na uzao wake ni wa Hawo, basi, Ganya hakuwa mtu wa maneno, sentensi moja ikamtosha mwezi mzima, na ndiyo maana leo Umuro, mtu mzima mwenye ofisi ya kaunti na kitambulisho kinachoning'inia shingoni kama kengele ya beberu, hawezi kununua gari hili mpaka mwanamke aliyeketi kiti cha nyuma afungue mdomo. Alikuja na jibu lake tangu asubuhi. Hapana. Alilivaa pamoja na ushungi.

Mlango wa dereva ukafunguka, Kang'ethe akaingiza mkono na bega, akabonyeza kitu, gari likaamka au halikuamka, Hawo hakusikia, taa tu zilijaa pale mbele kwenye kioo kikubwa kama sinia, upepo wa baridi ukamjia vifundoni, "Sikia vile imenyamaza, shosho," akasema, vioo vikapanda, akafunga akaondoka, na Hawo hakuulizwa kama kuna mlango usiofunguka, naye hakusema. Gari lisilosikika likija ni gari la mwizi. Lori la Ganya la baadaye, lile la kubeba mbuzi, lilisikika tangu njia panda, wanawake walikuwa na muda wa kupika chai, kufagia na kunyamaza kumsengenya mtu kabla halijafika mlangoni... hili litakukuta na mdomo wazi. Nje midomo ya wale watatu inatembea bila sauti, maneno yanafika kipande kipande tu, buti... mifuko ya hewa... mtoto anafungwa hapa nyuma na mkanda wake, hapo Sahro aligeuka akaonyesha kiti, akaonyesha hasa pale Hawo alipokaa, na Hawo akatazama pembeni, kwa sababu mtoto ni Lul, Lul mdogo, mjukuu wake wa miaka mitano, aliyepewa jina la shangazi yake, mtoto mwenye kifua.

Mwaka jana Umuro aliuliza mara moja, juu ya chai, Mama tukiuza wachache tununue gari la kumpeleka mtoto Meru kwa daktari wa kifua, naye akajibu bila kuweka kikombe chini, "Mtoto wa Kiborana hafi kwa kukohoa," na nyumba nzima ikacheka, hata Sahro, ilikuwa imetoka vizuri, maneno yake huwa yanatoka vizuri, ndiyo shida yake... halafu mwezi uliopita Umuro yuko kazini Kinna, Sahro yuko sokoni, mtoto akaanza kuvuta pumzi kama mtu anayekunywa uji moto, akambeba, akasimamisha pikipiki pale Kiwanjani, akampakata katikati yake na mgongo wa dereva, na pikipiki ile inanguruma na upepo na vumbi, alimwekea sikio mdomoni asisikie kitu, sikio lote limejaa injini, hakujua kama anapumua au hapumui, akabaki kutazama nguzo za stima zikipita, ya kwanza, ya pili, ya tatu, nguzo tatu nzima, mtoto amelegea kama kanga mbichi, akampuliza mdomoni, akampiga kofi mgongoni, na ya nne ndiyo akasikia mwili umeruka. Hospitali wakamwekea mfuko wa hewa usoni, Sahro akaja anakimbia, akauliza ilikuwaje njiani Akko, anamwita Akko kama mtoto anavyomwita bibi yake, naye akasema vizuri tu, alilala. Alilala. Zile nguzo tatu hajamwambia mtu. Anazo. Kila akifumba macho anazo, zimesimama.

Na safari ile nyingine hakukuwa na nguzo hata moja... Lul mkubwa ndiye aliyekuwa mgonjwa, surua, miaka sita, mwaka ule ng'ombe walianguka kama nguo kwenye kamba iliyokatika, wao wanatoka upande wa Kinna kuja Isiolo, siku nne, Umuro yuko tumboni, na nyumba nzima iko juu ya Daalacha, ngamia wa kijivu, mtoto wa kwanza wa yule mama, alizaliwa mwezi mmoja na Lul wakanyonya maziwa yaleyale, mmoja akawa ngamia mmoja akawa mtu, Hawo mwenyewe alimfunga mzigo, ile ilikuwa kazi ya mwanamke na ole wake mwanamume atie mkono, miti ya nyumba imepinda huku na huku kama mbavu, mikeka, ngozi, gorfa, vyombo vya kusukwa vya maziwa, zinaning'inia hazina maziwa, na juu kabisa katikati ya ile miti kitanda kidogo cha ngozi na Lul ndani yake, amefunikwa jua lisimwone. Ganya mbele na kamba. Hageuki. Mwanamume anayevuta ngamia wa mzigo akigeuka kila saa mnyama naye anasimama, ndivyo alivyokuwa anasema, basi akawa anauliza bila kugeuka, "Anapumua?" naye kutoka nyuma anajibu anapumua, hatua mia tatu, mia nne, "Anapumua?" anapumua, na kimya, Mola wangu kimya kile, nyayo za ngamia ni kama mikate, hazina sauti, hapakuwa na ndege, hapakuwa na ng'ombe wa kulia, kimya mpaka ungeweza kusikia kutoka chini, huku unatembea, kifua cha mtoto kule juu kikipanda na kushuka, alikuwa anamsikia, hakuhitaji kupanda kumtazama, siku nne alimsikia kila pumzi na kila pumzi aliijua kwa jina. Hata leo akitaka kulala anajirudisha pale. Njaa ilikuwepo, miguu ilipasuka, mwezi wa saba wa mimba, lakini anajirudisha palepale, nyuma ya Daalacha, mkono kwenye mkia wake, harufu yake kama mkate na mkojo, mbele mgongo mwembamba wa Ganya, na sauti ile... mtu angemwambia arudi kesho angevaa viatu.

Walifika Alhamisi. Alhamisi hiyohiyo Ganya alimwacha na mtoto kwenye veranda ya zahanati akampeleka Daalacha sokoni, hakusema, alifungua tu mzigo akauweka chini ya ukuta, Hawo akadhani anampeleka maji, na mtu akaja kumwambia amemwona Ganya kwa madalali, mkono uko chini ya shuka ya dalali, wanabonyezana vidole vile wanavyofanya ili bei isisikike na watu, na uso wake ameugeuzia ukuta. Hakubishana sana, yule mtu alisema. Vidole viwili vitatu, kwisha. Akarudi na dawa za sindano kwenye karatasi na soda moja ya chungwa ya Lul, na kamba. Kamba tupu alirudi nayo. Hawo alimtazama akamwambia, "Wangu. Ulimuuza wangu bila kuniuliza," akamnyima maneno miezi miwili, akajifungua Umuro wakiwa bado hawasemezani, na hata baada ya hapo, miaka arobaini, kila walipogombana juu ya chumvi juu ya watoto juu ya lori, alikitoa kile kisu palepale alipokiweka, ulimuuza wangu bila kuniuliza, na Ganya hakujibu hata mara moja, alitazama pembeni, mpaka kufa kwake hakujibu. Lul akapona. Sasa ni mama mnene wa Kinna anauza vitunguu vya shamba la maji, na kupiga simu hapigi.

Nje Umuro aliacha boneti, akalizunguka gari, peke yake, akapiga gurudumu la nyuma kwa ncha ya kiatu, akasimama upande wa Hawo asimwone kwa sababu kioo hiki ni cheusi, akaweka kiganja chote juu ya kioo cha paa na kukibonyeza kidogo, akakiacha hapo... na pale Hawo akainua uso kukitazama, kwa sababu nani alimfundisha, hajawahi kufunga mzigo maisha yake, ofisi na viti vya kuzunguka, lakini kiganja ni kilekile, vidole vimetawanyika, kiganja juu ya nundu, Ganya akimpima ngamia kama atafika. Na uso wake wakati hatazamwi na mtu. Uso wa mtu anayengoja neno. Anaogopa kuuliza, jamani, mtu wa miaka arobaini na zaidi, anaogopa nitatoa tena kile kichekesho changu cha kukohoa... na kama Ganya angeniuliza siku ile, ningesema nini. Hili hakuwahi kujiuliza. Miaka arobaini amelibeba jibu la mwingine na lake mwenyewe hajalifungua. Ningesema nini, mtoto yuko pale veranda, ningesema uza. Ningelisema kwa mdomo huu, muuze Daalacha, halafu ningelala nalo neno lile, leo na kesho na kila nikisikia kengele ya ngamia. Akalichukua yeye. Akanipa hasira badala yake, hasira si mzigo, hasira unaweza kupika nayo, unaweza kuzaa nayo. Mjinga yule. Na soda ya chungwa. Angeweza kusema, sentensi moja tu, alikuwa nayo ya mwezi ule... lakini angesema basi nisingekuwa na hasira, na bila hasira ile miezi miwili ningesimama na nini.

Akavuta pumzi na akaisikia. Ilimshtua. Gari linawaka, taa ziko pale mbele, upepo wa baridi unakuja, na pumzi yake mwenyewe anaisikia inaingia, inatoka, ile filimbi ndogo ya uzee kwenye pua ya kushoto, akaizuia, kukawa kimya, kimya kile, akaiachia, akaisikia tena. Mtu akiwa pale mbele, ameshika usukani, hajageuka, na mtoto hapa nyuma na mkanda wake, atamsikia. Mpaka Meru atamsikia, kila moja. Asiyegeuka hata hatahitaji kuuliza.

Auze sita, basi. Si saba. Yule ndama wa kijivu abaki kwa Huqa, na kama Umuro atasema ndama mmoja wa nini Mama, atamwambia wa kunibeba, si kazi yako. Na mbele mtu atakayekaa na dereva ni yeye, Sahro aongee akiwa nyuma na mtoto, huku hakai tena, milango ya huku ni ya wafungwa. Kwanza Meru kwa daktari. Halafu siku nyingine Kinna, barabara ni nzuri siku hizi, akamwulize yule wa vitunguu simu yake inauma nini. Na nguzo tatu... hizo atamwambia Umuro, si leo, leo atakuwa amepata vya kutosha. Umuro akaondoa kiganja juu ya paa. Akajipangusa mkono kwenye suruali, akashika kishikio cha nje, akasita na kishikio mkononi, na Hawo ndani, mikono mapajani, akaukunja uso wake, uso uleule wa kukataa aliokuja nao asubuhi, akauweka vizuri, ukae hapo kidogo, asije mtoto wa Ganya akadhani neno la mama yake huwa linapatikana kwa kubonyeza vidole viwili.