Kobe Awekewa Jicho la Nyuma

Mihayo hakuwa mtu wa majigambo, ila likija suala la kurudisha gari kinyumenyume alijigamba bila haya, na aliyewahi kumwona kazini hakumlaumu. Mke wake, Kornelia, aliendesha pikapu iliyobeba nyumba nzima mgongoni. Nyumba hiyo ilikuwa pana kuliko pikapu yenyewe, ikaziba kila kitu. Kioo cha kati kilionyesha bati jeupe, na vioo vya pembeni navyo vilionyesha bati lilelile, ila kwa upande. Kule nyuma kungekuwa na mbuzi, au matenga ya kuku, au mzee aliyezidiwa na pombe akajilaza, Kornelia asingejua. Aliyejua ni Mihayo. Alisimama kwenye pembe ya nyuma, mkono wa kushoto, kiganja kwenye bati. Kofi moja, njoo. Makofi mawili, simama. Katikati ya makofi aliongea na gari kama walivyozoea kuongea na maksai kwa baba yake wakati wa kulima, kwa upole lakini bila kulibembeleza.

Gari lenyewe watu wa Nkololo waliliita Kobe, kwa vile lilitembea na nyumba yake. Wazungu wawili, mume na mke, walikuja nalo kutoka kwao kuangalia wanyama Serengeti, likawafia gia pale Lamadi, wakachoka nalo. Watu walijaa kulichungulia. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko, sinki na friji ndogo ya gesi. Wote walikitamani kitanda. Kornelia aliitamani friji.

Miaka mingi alikuwa bibi mifugo wa serikali, mpaka serikali ikasema zama zimebadilika, huduma zinarudi mikononi mwa watu binafsi, anayeweza ajiajiri. Wenzake walifungua maduka ya soda na vocha. Kornelia alichukua kiinua mgongo chake, akanunua nyumba ya Wazungu, akajaza friji chanjo za kideri, kimeta na chambavu, akaanza kuifuata minada, leo Nkololo, kesho Sola, keshokutwa kwingine. Chanjo inataka baridi, na baridi haipatikani mnadani kwa kuomba. Mjini Bariadi walimcheka. Mwanamke na gari, gari lenyewe na kitanda, hapo kila mtu alikuwa na lake la kusema. Yeye alitia pamba masikioni, na pamba huko haijawahi kuadimika.

Mihayo alimstaajabia mke wake, na hakuwahi kuuficha mshangao huo. Alishamwona akivua koti, akiingiza mkono mpaka begani kwenye ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, akitafuta mguu wa ndama kwa vidole huku akimuuliza mwenye ng'ombe habari za nyumbani. Alishamwona akimkatalia dawa mtu mwenye pesa mkononi, kwa sababu ng'ombe wa mtu huyo alihitaji maji na majani tu. Hakuwa daktari wa chuo kikuu, lakini ng'ombe hawaulizi vyeti. Wazee wanaomzidi umri walimwita mayu, mama, wakamwamkia wao kwanza.

Yeye Mihayo alitokea kiwanda cha kuchambua pamba. Aliingia akiwa kijana, akadhani atatokea hapo kwenda kaburini. Halafu wakaja wanunuzi binafsi na mashine zao, kiwanda kikabadili mikono, watu wakapunguzwa. Neno hilo, kupunguzwa, lilimkaa kooni kama mwiba wa sato. Mtu hupunguza chumvi, hupunguza mwendo. Kumbe mtu naye hupunguzwa. Akakaa nyumbani akitazama ukuta, mpaka asubuhi moja Kornelia alipowasha Kobe na kumwambia apande. Hakumwambia atakwenda kufanya nini. Siku hiyohiyo, mnadani, gari likakwama katikati ya mikokoteni, halina pa kwenda ila nyuma, na Mihayo akashuka bila kutumwa, akaweka kiganja kwenye bati. Kazi hiyo hakuajiriwa na mtu. Aliiokota mwenyewe, na tangu hapo akawa mtu tena.

Katika kila mnada ilikuwa lazima Kobe aingie kinyumenyume, maana mlango wa nyumba uko nyuma, na wateja na mifugo yao wako zizini. Kwa hiyo Mihayo hakukosa kazi hata siku moja. Watu walisimama kumtazama akilipitisha lile jumba kati ya tanuri la muuza nyama choma na ng'ombe waliofungwa, wakasema kweli kila mtu na kipaji chake. Naye akajifanya hasikii, huku akisikia vizuri sana.

Basi ikaja siku ya Sola. Msimu wa pamba ulikuwa umeiva, watu wana pesa, na gari la matangazo ya sabuni lilikuwa limeegeshwa karibu likipiga muziki mpaka meno yanatetemeka. Kornelia alikuwa akirudi nyuma kuelekea ukuta wa ghala. Mihayo akapiga makofi mawili. Muziki ukayameza. Akapiga tena, akaita, na Kobe akazidi kuja, akimbana ukutani. Mihayo akatupa kofia, akajirusha kando kama kijana, akaangukia nyuma ya kona ya ghala katikati ya wanawake waliokuwa wanauza viazi. Wakacheka, naye akacheka. Ukiponea chupuchupu, kicheko huja chenyewe. Alikaa pale akisimulia, akiongeza chumvi kidogo, na aliporudi alimkuta Kornelia amesimama kando ya gurudumu lililolala juu ya kofia yake. Akamtazama mumewe, akaingia ndani ya nyumba kuchemsha sindano, na jioni walirudi Bariadi bila maneno.

Mihayo akaijua maana ya ukimya huo, au alidhani ameijua. Amekosea kazi. Makofi yake hayatoshi tena. Na kweli, wiki hiyo Kornelia akatangaza kwamba anapeleka gari kwa Onesmo lifungwe kamera ya nyuma.

Onesmo alikuwa fundi wa redio na umeme wa magari pale mjini, mtu mwenye mikono mizuri na mdomo mkubwa zaidi. Alikuwa amepata kamera na kitelevisheni chake kutoka kwenye basi dogo la Kijapani lililopinduka likauzwa kama skrepa. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Ukiweka gia ya rivasi, alieleza, picha inawaka yenyewe hapo mbele ya dereva, unaona nyuma yote kama unatazama habari. Nusu ya mji ilikwenda kuangalia. Mihayo hakwenda. Alisema paa la banda la kuku linavuja, akapanda juu na nyundo, akakaa huko siku nzima akipigilia misumari isiyohitajika.

Onesmo ndiye aliyempelekea habari, jioni, akipita na baiskeli. Alisema waya ameupitisha kwenye paa la nyumba kando ya bomba la gesi, ameziba tundu kwa silikoni, hata tone la mvua halitaingia. Alisifu kazi yake, kisha akalalamika juu ya mke wa mtu. Mwanamke mgumu yule, alisema. Alikuwa ameshamaliza kila kitu, picha imenyooka, naye akamrudisha juu ya ngazi mara kwa mara, geuza hivi, inamisha hivi, mpaka kazi nzuri ikaharibika. Halafu akacheka na kumpa Mihayo pole ya utani, kwamba sasa Kobe ana jicho lake, mzee wa makofi apumzike.

Mihayo akacheka pia, kwa adabu. Alipobaki peke yake alikaa juu ya ndoo na moyo ukamwuma kwa kweli. Kiwandani walimpunguza watu asiowajua, wenye suti, waliokuja na kuondoka. Hilo liliweza kuvumilika. Lakini huyu ni mama Shija, mkewe, anayelala naye kitanda kimoja, aliyemwinua alipoanguka. Na ubaya zaidi, hakuweza hata kumkasirikia, kwa sababu aliona ana haki. Mwenye gari ni yeye, mwenye ujuzi ni yeye. Akimhitaji mtu wa nyuma atamweka, asipomhitaji atamwondoa. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa yakienda nchi nzima.

Mnada uliofuata ulikuwa Nkololo. Njia nzima Mihayo alitazama mashamba ya dirishani kwake, na hakukitupia jicho kile kitelevisheni kilichofungwa juu ya dashibodi, cheusi, kimelala. Walipofika, watu walikuwa wameshajipanga na kuku wao na mbuzi wao, wakaamkia, "Mwangaluka, mayu." Kornelia akalipinda gari, mgongo wake ukaelekea zizi. Mihayo akafungua mlango, akashuka, na badala ya kwenda nyuma akaenda kivulini kwa muuza kahawa, akakaa, akakunja mikono. Aone basi hilo jicho linavyofanya kazi.

Akasikia gia ikiingia. Akasikia injini ikipanda kidogo, kisha ikashuka. Kobe hakusogea.

Watu wakasubiri. Mzee mmoja mwenye dume la madoa aliuliza kama gari limeharibika. Lori la mnunuzi wa ng'ombe likafika, likapiga honi, likapiga tena. Kobe yupo palepale, taa nyeupe ya rivasi inawaka, hasogei mbele wala nyuma. Muuza kahawa akamtazama Mihayo. Mihayo akatazama kahawa. Mwisho uvumilivu ukamshinda, akainuka, akaenda mpaka dirishani kwa dereva, akiwa bado amevimba mashavu.

Akamuuliza kwa nini harudi nyuma, na jicho analo.

Kornelia alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. "Sikuoni," alisema.

Mihayo akaingiza kichwa dirishani na kwa mara ya kwanza akakitazama kile kioo cha kitelevisheni. Alitegemea kuona mnada wote, zizi, watu, mbuzi, kama Onesmo alivyotangaza mji mzima. Hakuona hivyo. Picha ilikuwa imeinama na kugeukia upande mmoja. Ilionyesha pembe ya nyuma ya nyumba, mkono wa kushoto, na kipande cha ardhi mahali anapoweza kusimama mtu mmoja. Zizi halikuonekana. Njia haikuonekana. Palikuwa na vumbi tu, na mahali patupu.

Akasema Onesmo ameharibu, amelaza kamera vibaya, warudi kwake akaitengeneze. Kornelia akatikisa kichwa. Onesmo alifanya alivyoambiwa, alisema, na alilalamika sana kabla ya kufanya.

"Mama Shija, sasa njia utaionaje?"

"Njia utaniambia wewe, kama siku zote."

Lori likapiga honi kwa hasira. Kornelia hakuligeukia. Alikuwa akitazama kioo, pale patupu, na alipoongea tena sauti yake haikuwa ile ya kuwakemea wenye ng'ombe.

"Sola ulikuwa unacheka na wanawake wa viazi. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye vumbi, nakutafuta chini ya gari. Niliona kofia. Nikaingiza mkono, baba Shija, nikawa napapasa, na sikujua kidole changu kitagusa nini." Akautazama mkono wake kwenye usukani. "Nimeingiza mkono huu kwenye ng'ombe wangapi, sijawahi kuogopa. Siku ile niliogopa. Sirudi nyuma tena nisipokuona umesimama."

Mihayo alikuwa na maneno mengi aliyoyaandaa juu ya paa la banda la kuku, makali kwelikweli, na hakuna hata moja lililofaa. Alitaka kumwambia kwamba alidhani amepunguzwa, lakini aliona aibu. Akaweka mkono juu ya mkono wa mkewe pale kwenye usukani, mbele ya watu wote wa Nkololo, jambo ambalo wanaume wa huko hawafanyi. Mzee wa dume la madoa akageuza uso kwa heshima.

Kisha Mihayo akaenda nyuma. Alisimama pembeni, akajirekebisha, akasogea tena kidogo kulia, akiwa hana hakika mwisho wa picha uko wapi. Akainua macho kwenye kamera iliyofungwa juu ya mlango. Miaka yote alikuwa ameongea na bati, na leo alijua kwamba ng'ambo ya bati hilo kuna mtu anamtazama. Akaona haya kama bwana harusi. Akafunga kifungo cha shati.

Kobe alibaki palepale kwa muda kidogo, ingawa Mihayo alikuwa ameshajipanga na lori limeshachoka kupiga honi. Mle ndani Kornelia alikuwa hajamaliza kumtazama. Kisha Mihayo akaweka kiganja kwenye bati, akapiga kofi moja, na gari likaanza kurudi polepole upande wake.