Mkono wa Kushoto wa Karani

Kwa miezi saba Karani hakusema neno. Kiharusi kilimkuta bafuni asubuhi akinyoa ndevu, kikachukua upande wake wote wa kulia na ulimi pia. Tangu hapo kila siku baada ya chai alikalishwa kwenye kiti cha mikono, baraza ya nyuma, akawa anautazama ukuta wa jirani mpaka jua limfikie miguuni.

Mtaa mzima ulimwita Karani hata baada ya kustaafu, maana hakuna aliyewahi kumwona akifanya kazi nyingine. Miaka thelathini alikaa dirisha la tatu la ofisi ya maji, akiandika majina ya watu kwa mwandiko ambao ungedhani umepigwa chapa. Nyumbani hakugusa kitu. Bawaba ya mlango ikilegea, aliitwa fundi. Taa ikiungua, mkewe ndiye aliyepanda juu ya meza.

"Mume wangu mikono yake ya kalamu tu," mkewe alizoea kuwaambia mashoga zake. "Mpe nyundo, atakuuliza asaini wapi."

Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, naye amestaafu, na yeye ndiye mwenye ugonjwa wa kufufua vitu. Akiona stuli iliyotupwa, fremu ya picha iliyoachana pembe, sanduku lisilo na mfuniko, moyo haumpi kupita. Alikibeba nyumbani, akakisugua, akakitia gundi, akakipaka vanishi, na siku kinapong'aa alikizunguka mara tatu nne kama aliyejifungua mapacha. Hakufundishwa na mtu. Vingine vilitoka vizuri. Vingine vilitoka upande, akavificha chumba cha watoto, ambao wote walishaoa na kuolewa.

Basi mpangaji wa nyumba ya pili akahama, akaacha nyuma kabati dogo la vyombo, limepakwa rangi juu ya rangi: kijani, chini yake buluu, chini yake nyeupe iliyogeuka njano. Mwalimu akaliomba, majirani wawili wakamsaidia kulileta, akaliweka barazani mbele ya mumewe. Si kwa ajili ya mumewe. Pale ndipo penye mwanga.

Siku ya tatu alikuwa ameshakwangua rangi yote ya mlango mmoja. Mbao ilitokea, nyekundu ya kuiva, akapiga kigelegele kidogo cha peke yake. Akachukua msasa, akaanza kusugua kwa nguvu, mkono ukizunguka kama anayefua shuka.

"Siyo hivyo."

Mwalimu aligeuka kutazama mlango wa jikoni. Hapakuwa na mtu. Akatazama uani. Hapakuwa na mtu.

"Nyuzi," sauti ikasema. Ilikuwa nzito, imekwaruza, kama mlango wa stoo. "Fuata... nyuzi."

Msasa ulimdondoka. Karani alikuwa amejiinua kitini, nusu ya uso imelala kama kawaida, nusu nyingine imekunjwa kwa hasira. Mkono wa kushoto umenyooka, kidole kinaonyesha mistari ya mbao, kinakwenda juu na kurudi chini. Juu, chini.

"Umesema!" Mwalimu alipiga kelele. "Baba watoto, umesema! Sema tena! Sema jina langu!"

"Una... haribu," Karani akajibu.

Alimkumbatia, akalia, akamtikisa, akataka kukimbilia simu awaite watoto. Lakini Karani alimshika gauni. Hakutaka simu. Alitaka droo. Aliielekezea kidole mpaka Mwalimu akaichomoa kabatini na kumwekea mapajani, na hapo ndipo mshituko wa pili ulipomkuta, mkubwa kuliko wa kwanza, kwa sababu daktari alikuwa amemwambia kuwa maneno huenda yakarudi. Jambo hili hakuna aliyemwambia.

Karani aliigeuza droo kwa mkono mmoja, chini juu, bila kuhangaika. Akaigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Akapitisha dole gumba pembeni, pale meno ya mbao yanapoingiana, likasimama penye jino lililooza. Akanusa.

"Patasi," akasema.

"Patasi? Mimi sina patasi. Natumia kisu cha jikoni."

Karani akacheka, kwa nusu ya mdomo, mate yakimtoka. Kicheko hicho Mwalimu alikuwa ameshakizika moyoni.

Patasi iliazimwa kwa seremala wa barabara ya nyuma. Siku ile ile, kabla ya adhuhuri, Mwalimu akiwa amepiga magoti kushika droo isicheze, Karani alilichonga lile jino bovu likatoka lote, akakata kipande kipya, akakipunguza, akakijaribu, akakipunguza tena. Kwa mkono wa kushoto. Maranda membamba yalijikunja na kumwangukia Mwalimu kwenye nywele. Kipande kiliingia mahali pake kwa kusukumwa na dole gumba tu, na mstari wa kiungo haukuonekana.

Mwalimu alikaa chini sakafuni.

"Wewe ni nani?" akamuuliza. Alisema kwa mzaha, lakini alisikia sauti yake haina mzaha.

Karani alifumba macho. Alikuwa amechoka, na maneno yalikuwa yameisha.

Mwalimu hakungoja. Alimwomba jirani akae na mgonjwa, akatupa khanga begani, akaenda moja kwa moja kwa wifi yake, dada mkubwa wa Karani, ambaye alikuwa ukumbini anachambua mchele.

"Wifi, kaka yako amechonga mbao."

Sinia ilisimama mapajani mwa yule bibi. "Amesema?"

"Amesema, ndiyo, Mungu ashukuriwe. Lakini nakwambia amechonga mbao! Kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyezaliwa na patasi!"

"Si ndio mkono wake huo," wifi akasema taratibu. "Wa kulia alilazimishwa shuleni kwa ajili ya kuandika. Kwenye mbao alikuwa shoto siku zote. Wifi... ina maana hakuwahi kukwambia?"

Mwalimu alitikisa kichwa.

Basi akaambiwa. Kabla ya kumwoa, Karani alikuwa seremala. Miaka sita alifanya kazi kwa mjomba wao, na watu walitoka mbali kumfuata kwa vitanda na meza. Alipopeleka washenga, baba yake Mwalimu, mkuu wa shule, aliwauliza kijana anafanya kazi gani, na alipojibiwa akasema binti yake aliyesomeshwa haendi kwa mtu wa vumbi, wala binti mwenyewe hakuambiwa. Baada ya miezi minane walirudi washenga wengine, na kijana ni karani wa ofisi ya maji. Vifaa vyote alikuwa amevigawa. Akawaapisha ndugu zake wote wafunge midomo.

"Sisi tulidhani mkishaoana atakwambia," wifi akasema. "Halafu miaka ikapita. Tukadhani ameshakwambia."

Njiani kurudi Mwalimu hakuona barabara. Aliona mafundi. Wote waliopita nyumbani kwake kwa miaka thelathini na moja: yule wa mlango uliogoma kufunga, yule wa kabati la nguo lililoinama, yule aliyepigilia misumari kwenye kitanda kama anayejenga banda la kuku. Na kila alipoingia fundi, Karani alichukua gazeti lake akatoka nje. Mwalimu alidhani ni dharau. Akakumbuka pia jinsi mumewe alivyozoea kupapasa meza za watu walipokwenda kutembea, kiganja kizima, polepole, na yeye akimfinya chini kwa chini kwa kudhani anakagua vumbi.

Alimkuta macho.

"Nimetoka kwa dada yako," akasema. "Nimeambiwa yote."

Karani alitazama ukuta wa jirani.

"Mimi nilikwambia sitaki seremala? Mimi? Uliwahi kuniuliza?"

"Baba... ako."

"Baba yangu amekufa mwaka wa kumi na tisa huu! Tumemzika pamoja! Siku ya pili yake ungeniambia!"

Karani alijitahidi. Mishipa ya shingo ilimtoka. Mwalimu alitaka kumwambia basi, acha, lakini hasira ilimzuia.

"Nili... zoea," Karani akasema.

Neno hilo lilimkata maini. Karani angemwambia aliogopa, au aliona aibu, Mwalimu angempigia kelele mpaka magharibi. Lakini alizoea. Aliketi karibu yake wakalia wote wawili, yeye kwa macho mawili, mumewe kwa moja.

Alimnunia siku mbili. Siku ya tatu alinunua patasi tatu, randa na jiliwa la kubania mbao, akavipanga juu ya taulo barazani bila kusema kitu. Kazi ikaanza. Karani alikuwa mkono wa kushoto, Mwalimu wa kulia, na ulimi ulirudi kwa njia hiyo, neno moja moja, karibu yote ya kugomba. Bana. Legeza. Siyo huko. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali alipokuja na mpira wake wa kuminya, akamkuta mgonjwa anamfokea mkewe kuhusu vanishi, alisimama mlangoni na mkoba mkononi, hakujua aingie au arudi.

Kabati lilikwisha baada ya wiki tano. Mwalimu alilizunguka, akafungua droo na kuifunga, akaifungua tena. Iliteleza kama imepakwa siagi. Karani hakulitazama sana. Aliomba karatasi, akachora kwa mkono wa kushoto, mistari imenyooka, vipimo pembeni. Kilikuwa kitanda kipana, chenye ubao wa kichwani.

"Kitanda cha nani?" Mwalimu akauliza.

"Chetu."

"Kwa umri huu? Tuna kitanda sisi."

"Kile," Karani akasema, akapumzika, akatafuta neno mpaka akalipata, "kinapiga kelele."

Mwalimu alicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini. Kisha akaingia ndani kuvaa viatu, kwa sababu duka la mbao hufunga saa kumi, na mumewe alishasema mbao haziagizwi. Ni lazima zinuswe.