Bomba la Urefu wa Kiganja

Karakana nzima ilimwita Bi Koki, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akifunga koki, valvu na mabomba, kwanza kwenye mitambo ya kutengeneza barafu, kisha hapa, ambapo malori ya dizeli yaligeuzwa yatumie gesi iliyopozwa mpaka ikawa maji. Gesi hiyo ilikaa ndani ya tangi lenye kuta mbili, mfano wa chupa ya chai, kwa baridi ya nyuzi mia moja na sitini chini ya sifuri. Ukishika bomba lake kwa mkono mtupu, ngozi inabaki huko.

Zamani vifaa vyake vilitawanywa. Tangi ubavuni, koili ya kuipasha gesi moto nyuma ya kichwa cha lori, valvu huku na kule, na mabomba yakizunguka chasisi kama matumbo. Lakini akaja mteja mwenye malori arobaini ya kuchanganya zege, mafupi, yasiyo na nafasi hata ya kutundika ndoo. Ndipo Injinia, kijana mpole aliyekuwa bado hajatimiza miaka thelathini, akachora kisanduku kimoja, kikubwa kama oveni ya mezani, cha kubanwa mwishoni mwa tangi. Kila kitu kikaingia humo. Bi Koki alipouona mchoro alisema, "Mdogo wangu, hii umeipatia," na hakuwa mtu wa kumwaga sifa.

Kisanduku cha kwanza alikifunga yeye mwenyewe, nati kwa nati, kwa wiki nzima. Akakijaribu kwa sabuni kama kinavuja nje, hakikuvuja. Akatia sahihi kwenye fomu. Dereva wa majaribio alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye Bi Koki ndiye aliyemtafutia kazi hapo. Ijumaa shemeji alilizungusha lori uani mara mbili, akashuka anacheka.

Jumamosi mchana alikuja kwao kula, kama kawaida yake, na kama kawaida yake alikuwa na maneno mengi kuliko njaa.

"Shemeji, wewe mwombee kaka yangu maisha marefu, maana akikuacha tu mimi nakuoa nikuajiri kwenye lori langu."

"Wewe lori huna."

"Nitakuwa nalo. Dereva kama mimi! Wenzangu wakizima injini wanaondoka zao. Mimi nikizima, nashuka, nafunga na koki ya mkono, sawasawa na mlivyoandika kwenye karatasi. Jana nimefunga mara zote mbili."

Bi Koki alikuwa anamimina maji kwenye glasi. Aliendelea kumimina mpaka yakafurika mezani.

Alichokiona kichwani kilikuwa hiki. Injini ikizimwa, valvu ya umeme hujifunga yenyewe. Dereva akifunga na koki ya mkono, kati ya hizo mbili kinabaki kipande cha bomba chenye urefu wa kiganja, kimejaa gesi ya maji, kimefungwa huku na huku. Ile gesi ikipata joto inataka kutanuka, na haina pa kutokea. Kwenye mitambo ya zamani kipande hicho kilikuwa kirefu, na hakuwahi kukifunga bila kukiwekea valvu ndogo ya kupumulia. Kwenye kisanduku kipya valvu hiyo haikuwemo. Na aliyefunga bila kuiulizia ni yeye.

"Vipi shemeji, mbona unatumwagia maji?"

"Hamna kitu," alisema, akachukua kitambaa.

Jumatatu asubuhi alimsubiri Injinia mlangoni, akamuulizia valvu ya kupumulia.

"Dada, niliitoa kwa makusudi," Injinia alisema, akionyesha kiganja chake. "Kipande chenyewe hiki hapa. Kinachukua vijiko viwili vya gesi. Na nafasi, wewe mwenyewe umeiona, hata kidole hakipiti."

"Vijiko viwili vikichemka vikakosa njia, havijali kwamba ni viwili."

"Bomba ni nene. Halafu mteja anakuja Ijumaa."

"Basi tujaribu kabla ya Ijumaa. Funga huku, funga huku, tuone."

Injinia hakuwa kichwa ngumu. Jumanne walilijaza tangi nitrojeni, ambayo ni baridi zaidi lakini haiwaki, wakafunga pande zote mbili, wakajificha nyuma ya ukuta wa matofali ya zege. Walichungulia kwa zamu kupitia tundu lenye kioo kinene. Bomba lilikuwa limevaa sufi nyeupe ya barafu. Baada ya dakika kumi ikaanza kudondoka. Baada ya arobaini bomba lilikuwa kavu, linang'aa, zima.

"Bi Koki leo amefungwa koki!" alisema mtunza stoo, na watu wakaangua kicheko.

Injinia hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma Bi Koki zaidi. "Asante, dada," alisema kwa adabu. "Ni vizuri tumehakikisha."

Bi Koki alinawa mikono muda mrefu siku hiyo. Alijiambia kwamba afadhali aibu kuliko maiti, lakini maneno hayo hayakumshuka. Miaka kumi na tisa, na leo anaogopa vijiko viwili. Labda uzee umeanza kubisha hodi.

Jumatano, kabla hata hajavaa ovaroli, Injinia alimwita kwenye meza ya vipimo. Alikuwa ameifungua ile koki ya mkono kutoka kwenye kisanduku, ameibana, ameiunganisha na mpira wa hewa. Akaipaka sabuni.

"Angalia hapa."

Koki ilikuwa imefungwa kabisa. Hata hivyo mapovu madogo madogo yalikuwa yanatoka mdomoni mwake, moja, moja, bila haraka.

"Nilipiga hesabu upya," Injinia alisema. "Bomba lilitakiwa lipasuke. Nikajiuliza presha yote ile imekwenda wapi."

"Imerudi kwenye tangi," Bi Koki alisema taratibu. "Kupitia hapa. Hii koki si mpya?"

"Niliitoa kwenye lori la zamani, nikaisafisha. Mpya zilikuwa hazijafika."

Sasa zilikuwa zimefika. Arobaini, kwenye maboksi yao, stoo. Bi Koki akachukua moja, akaifunga, akaipaka sabuni. Hakuna hata povu moja. Wakatazamana. Wakaikaza kwenye kisanduku, wakaenda kujaza nitrojeni.

Safari hii haikufika robo saa. Ulisikika mlio mmoja, mkavu, kama mtu kapiga nyundo kwenye reli, na mfuniko wa kisanduku ukaruka ukagonga ukuta waliojificha nyuma yake. Wingu jeupe lilipotawanyika, waliliona bomba limechanika kwa urefu, limekunjuka kama ganda la kunde. Mtunza stoo alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Injinia alikaa juu ya kopo la rangi.

"Nimeweka sahihi yangu pale," alisema.

"Iko chini ya yangu," Bi Koki alimjibu. Alimpa dakika mbili, kisha akamwambia, "Inuka. Nenda kwa mkurugenzi kabla habari haijamfikia na chumvi. Mimi nina mtu wa kuongea naye."

Shemeji alikuwa anafuta kioo cha lori. Bi Koki alimweleza yote, bila kupunguza.

Shemeji aliacha kufuta. "Kwa hiyo mzembe angekuwa salama kuliko mimi?"

"Angekuwa salama kuliko wewe."

"Na Jumamosi, pale mezani, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nimeshaanza kushuku."

"Ukaninyamazia."

Angeweza kusema kwamba hakutaka kumtisha, kwamba lori lilikuwa limeegeshwa. "Ndiyo," alisema. "Nilikunyamazia."

Shemeji aligeuka, akaendelea kufuta mahali palepale palipokwisha kutakata. Siku nne hakumtania. Jumamosi iliyofuata hakuja kula, na mume alipouliza, Bi Koki alimwambia ukweli. Mume alitikisa kichwa, akasema, "Atakuja. Mwache hasira zimtoke kwanza."

Mkurugenzi alifoka mpaka sauti ikamkauka, kisha akapiga simu kumwomba mteja asogeze siku. Bi Koki na Injinia walikichambua kisanduku upya. Nafasi ilipatikana mahali ambapo hakuna aliyepafikiria: waligeuza geji itazame ubavuni badala ya mbele, wakapata upana wa vidole vinne. Hapo wakakaza valvu ya kupumulia yenye ukubwa wa dole gumba, na kibomba chake wakakipandisha nyuma ya kichwa cha lori, juu kabisa, mbali na watu. Wakarudia jaribio mara tatu. Kila mara ilitoka pumzi fupi, kimoshi cheupe kikaelea juu, basi.

"Imepiga chafya," sauti ilisema nyuma yao. Shemeji alikuwa amesimama kwenye ukuta, mikono mfukoni.

"Mara tatu," Bi Koki alisema.

"Nimehesabu." Akamtazama. "Siku nyingine ukishuku kitu, niambie hapohapo. Hata kama nina tonge mdomoni."

"Hata kama una tonge mdomoni."

Alhamisi ya wiki iliyofuata mteja alipokuja, shemeji alifungua mlango wa abiria kabla hajaambiwa lolote. "Fundi anapanda," alitangaza. Bi Koki, ambaye tangu azaliwe hakupenda mahali pa juu, alikamata chuma akapanda, akajifunga mkanda. Walipita geti, wakashika barabara ya kiwanda cha saruji, mteja akiwafuata kwa gari dogo. Injini ilivuma vizuri. Walipofika kwenye mteremko wa kwanza shemeji alianza kumsimulia habari ya jirani yake aliyenunua sofa lisilopita mlangoni, na jinsi walivyolazimika kung'oa dirisha, na Bi Koki akamsikiliza mpaka mwisho, ameshika mpini wa mlango kwa mikono yote miwili.