Kupunguza Meza

Watu wa mjini kwetu hawakitaji jina. Wanasema tu Chuo, kana kwamba vingine vyote ni vibanda vya kuuza vocha. Mimi nilisoma kwenye kimojawapo cha hivyo vibanda, chuo cha jioni nyuma ya gereji, kinachopokea yeyote mwenye kalamu na pumzi, wala sioni haya kusema. Nilijifunza hesabu za biashara, nikarudi kwenye duka letu la dobi, na mashati ya watu nayanyoosha mpaka leo. Lakini mdogo wangu alipochukuliwa na Chuo, loh! Mama alifunga duka mchana kweupe, akapita kwa majirani mmoja mmoja kuwatangazia, hata wale tuliokuwa hatusalimiani nao.

Mdogo wangu tunamwita Injinia tangu utotoni, siku aliyofungua redio ya Bibi, akaifunga, skrubu tatu zikabaki mkononi, na redio ikaimba vizuri kuliko mwanzo. Bibi ni mama yake marehemu baba. Duka ni lake, alilianzisha kwa beseni moja. Sasa masikio yamechoka na kumbukumbu nayo imeanza kumkimbia. Tukicheka naye anacheka, tukisimama naye anasimama, ili asionekane kapitwa na mambo. Kwa utani Bibi humwita Injinia "mume wangu", mimi huniita mke mwenza, na hilo halijawahi kumtoka kichwani.

"Unajua walioomba walikuwa wangapi?" Mama aliniuliza siku ile, huku akinyunyizia maji shati la mteja. "Na walioingia je?"

"Mama, hata choo cha kulipia kikiwa na mlango mmoja kitakuwa na foleni. Foleni haimaanishi ndani kunanukia."

"Wivu huo."

"Wivu wa nini? Niambie wanafundisha nini ambacho kule kwangu hawakifundishi."

Alinigeuzia mgongo, akaikandamiza pasi mpaka meza ikalia.

Jibu nililipata siku ya kuwapokea wazazi. Mkuu wa Chuo alisimama jukwaani, mtu mwembamba mwenye sauti ya upole, akasema, "Wazazi, msituulize tunafundisha nini. Tuulizeni tunawaacha wangapi nje." Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mama alipiga mpaka viganja vikawa vyekundu. Mimi vinyweleo vilinisimama.

Kisha akatueleza utaratibu wao. Wanafunzi wanakaa sita sita mezani, wanakula pamoja, wanasoma pamoja, na alama za mmoja zinawabeba au zinawazamisha wote. Mwisho wa kila muhula meza inapunguzwa. Wenyewe kwa wenyewe wanatajana, wanainua mikono, na aliyenyooshewa mikono mingi anachukua sahani yake, anaipeleka kwenye dirisha la jikoni, na harudi. Anayetoka anapelekwa kumalizia kwenye vyuo vingine. Mwalimu haruhusiwi hata kuwepo.

"Chuo hakimfukuzi mtu," alisema Mkuu, akatabasamu. "Wenzake ndio wanaomwambia ukweli."

Tulipokuwa tunaagana getini nilimvuta Injinia shati. "Sikiliza. Cheti usipoleta, shauri yako na Mama. Mimi nataka kitu kimoja tu. Nirudishie ndugu yangu kama nilivyomleta."

Alicheka. "Sasa dada, nitarudi nikiwa nani?"

Likizo ya kwanza alirudi akiwa yule yule, na akaja na rafiki wa mezani kwake, kijana tuliyembatiza Mpole siku hiyo hiyo. Mpole hakujua kukaa kama mgeni. Alishika ncha ya pili ya shuka, akakunja na Bibi shuka zote za wateja, hatua mbele, hatua nyuma, na Bibi akiharibu mkunjo, yeye anaanza upya bila kuguna. Injinia aliwatazama akiwa ameegemea mlango, anacheka. Moyo wangu ukatulia. Nikajisemea, haya, labda nilikuwa na gubu tu.

Likizo ya pili alikuja peke yake.

"Mpole yuko wapi?" niliuliza. Tulikuwa tumeshika shuka kubwa, yeye ncha zake, mimi zangu.

"Alipunguzwa."

"Maskini! Na wewe ulimtetea?"

"Niliinua mkono wa kwanza." Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya sabuni. "Ukichelewa kuinua, dada, macho yote yanakuja kwako. Tena alikuwa anatuvuta chini. Muda wake mwingi alikuwa anawafundisha wengine."

"Alikuwa rafiki yako, wee!"

"Ndiyo. Na aliondoka akinishukuru."

Aliachia shuka. Haikumponyoka, aliiachia, akaingia ndani, nikabaki nimeshika upande wangu na upande mwingine uko sakafuni. Ilibidi niifue tena. Nilifua kwa hasira, nikilia, na sikuwa namlilia Mpole.

Nilimwambia Mama, "Tumtoe huyu mtoto kule." Alinitolea macho kama nimetukana. Majirani walishaanza kumwita Mama Chuo. Wateja wapya walikuwa wanakuja kwa ajili ya jina hilo hilo, na wengine walikaa dukani kwetu kubishana ni chuo gani kikubwa, cha nani kimepanda, cha nani kimeshuka, na mwisho wote walimgeukia Mama aamue. Angekubali vipi kushuka?

Kuanzia hapo Injinia alipokuja nyumbani, nyumba ilipoa. Hakugomba wala hakudharau mtu. Alitazama tu. Alimtazama Mama akihesabu vifungo. Alinitazama mimi nikipiga kelele na mteja. Siku Bibi alipoacha pasi juu ya joho la mhadhiri wa Chuo mpaka likatoboka, ikamuunguza na mkono, Mama alipiga mayowe, mimi nikakimbilia maji, na Injinia akabaki kwenye kiti chake, kichwa kainamisha upande, akimtazama Bibi. Hakukasirika hata kidogo. Heri angekasirika.

Jumapili iliyopita, tukiwa mezani mchana, aliweka kijiko chini.

"Kule mezani kwetu tumebaki watatu," alisema. "Wanaohitimu ni wawili. Wiki ijayo Chuo kinatembelea nyumba zetu. Wanataka kuona mtu anatoka kwenye watu wa namna gani."

"Karibuni sana!" alisema Mama. "Tutapaka rangi."

"Rangi haisaidii, Mama. Wataangalia nani ananivuta chini."

Kijiko changu kilibaki hewani. Nilijua ni mimi. Nani mwingine? Mwenye mdomo, wa chuo cha nyuma ya gereji, niliyeapa kumwambia Mkuu ukweli wake akikanyaga dukani kwetu. Nikapiga moyo konde. "Sema basi. Nitaje."

"Dada, wewe unafanya kazi," alijibu kwa upole. "Wewe una faida."

Ndipo nilipoelewa.

Bibi alikuwa anakula zake. Alikuwa amevaa gauni ndani nje, na kwenye mkono wake wa kushoto kulikuwa na bendeji ya ile pasi.

"Kuna kituo cha wazee nje ya mji," alisema Injinia. "Safi, tulivu. Simlazimishi mtu. Tufanye kwa haki, kama tunavyofanya kule. Nawauliza tu. Nani anamtaja Bibi?"

"Ebo!" Niliruka, kiti kikaanguka. "Hii nyumba ya nani? Hilo duka la nani? Mama, mwambie huyu mtoto akome! Mama!"

Mama hakunitazama. Alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe, iliyopasuka kwa sabuni, iliyomwogesha Bibi asubuhi ile na kila asubuhi tangu baba afariki. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama amechoka. Hata mimi, na domo langu lote, sikuwahi kumuuliza.

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Mama.

Ulipanda taratibu, ukafika usawa wa bega, ukasimama hapo. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuushusha. Kisha Injinia akainua wake, umenyooka vizuri, umezoea.

Bibi akaacha kutafuna. Alimtazama Mama, akamtazama Injinia, akaona mikono iko juu na wake uko chini. Akatabasamu kwa haraka, lile tabasamu lake la kutotaka kupitwa, akainua mkono wenye bendeji, juu kuliko yote.

"Mitatu," alisema mdogo wangu.

"Hapana, Bibi. Hapana, mke mwenza." Niliushika mkono ule, nikaushusha mpaka mezani. Ulikuwa mwepesi. Nilipoachia tu, akauinua tena, akanikonyeza, akanionyesha kwa kidevu kwamba na mimi niinue.

Injinia alisimama, akaifuta sahani ya Bibi pembeni kwa kidole, akamwekea mikononi. Sauti yake ilikuwa ya upole, na nilikumbuka nilikoisikia, kwa Mkuu pale jukwaani.

"Chukua sahani yako, Bibi."

Bibi aliipokea kwa mikono miwili. Alifurahi kupewa kazi. Alisimama, akaangalia mlango wa jikoni, akaangalia wa barabarani, akamgeukia.

"Niipeleke wapi, mume wangu?"