Mtu wa Mvula, Mtu wa Uyoga

"Usiguse, Albertine. Zinaongea."

Nikaurudisha mkono wangu. Kwenye meza ya maabara palikuwa na sahani ya kioo yenye kuvu mbili za mkate, moja upande wa kulia, nyingine wa kushoto, zote za kijivu, zote na manyoya laini kama kifaranga aliyetoka kukauka. Kwa macho zilikuwa mapacha. Dokta, mkuu wangu pale, hakuziita mume na mke, maana hakuna aliyeweza kusema ipi ni ipi. Moja aliiita ya kujumlisha, nyingine ya kutoa. Kati yao palikuwa bado pamebaki uwazi mwembamba, na hata hivyo nyuzi za ukingoni zilikuwa zimeshaanza kuinuka na kuelekeana.

"Kila moja inatoa kitu," Dokta alisema kwa Kifaransa chake cha polepole. "Hatujakikamata bado. Nyingine inakisikia, inajua: huyu si mimi, huyu anafaa. Zikigusana zitavimba, na hapo katikati utaona mstari mweusi. Hizo ndizo mbegu."

"Na kama zote mbili ni za kujumlisha?"

"Hakuna kitu. Zinapitana tu, kama watu njiani."

"Hazikosei?"

Alicheka. "Mimi sijawahi kuziona zikikosea."

Hiyo ilikuwa Élisabethville, miaka ile unga wa wafanyakazi wa mgodi ulipokuwa ukioza maghalani kila masika. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya masista na cheti kizuri, na sauti ambayo hata aliyeketi karibu yangu alilazimika kuinama ili aisikie. Pale maabara nilichemsha uji wa kuoteshea kuvu, nikaosha sahani, nikanyamaza. Kazi ilinifaa.

Aliyetuletea vifuko vya unga ulioharibika alikuwa karani wa ghala, Godefroid Kabwe. Siku ya kwanza aliweka mzigo wake chini, akaniuliza kama watu wa kwetu wanavyoulizana:

"Weye uko muntu ya nani?"

"Ya Uyoga," nikasema.

Kwetu ukoo hutoka kwa mama. Baba hukupa jina la kuandikwa kwenye kitambulisho; mama hukupa watu wako. Wa ukoo mmoja ni ndugu, hata kama mmoja amezaliwa Kasomeno na mwingine Pweto na hawajapata kuonana, na ndugu hawaoani. Lakini kila ukoo una watani wake. Watani wa Uyoga ni watu wa Mvula. Wao hututukana bila kosa, hula chakula chetu bila kuomba, na tukifiwa ndio hutuchimbia kaburi na kutuchekesha kando yake. Wao pia ndio wazee hupenda tuoane nao.

Godefroid alipiga makofi. "Eee! Basi weye uko muke yangu! Mi niko muntu ya Mvula. Bila shiye, bowa itaotea wapi?"

"Na bila bowa, mvula itanyeshea nani? Majiwe?"

Nilishtuka kusikia ni mimi niliyeitetea bowa, uyoga wetu. Msaidizi mwenzangu aligeuka na chupa mkononi. Lakini utani una sheria zake, na mtani haonewi haya. Kuanzia siku hiyo, kila alipokuja, alifunua sahani yangu ya mchana na kuchukua uyoga uliopikwa kwa karanga, akaacha bukari, ugali wetu, peke yake.

"Kodi ya mvula," alisema, mdomo umejaa.

"Kula, tumbo kama ghala yako. Na wewe unaozaka ndani."

Alicheka hadi akakohoa. Nilikuwa sijawahi kumchekesha mtu. Mvua zilipokwisha nilikuwa nayatambua magurudumu ya baiskeli yake barabarani kabla hajafika langoni, na mwili wangu wote ukigeukia mlango ule. Kabla ya kiangazi kwisha aliniambia angetuma watu kwa mama yangu.

Walikuja Jumapili. Upande wake alikuja shangazi yake, Julienne, dada wa baba yake, aliyemlea Pweto tangu utoto. Upande wetu alikuwepo mjomba wangu Ngosa, aliyefika kwa lori kutoka Kasomeno, vumbi bado masikioni. Mimi nilikaa chumba cha ndani na mama, mlango umeachwa wazi kidogo. Wakataniana, wakanywa. Kisha mjomba akasema, kwa furaha kabisa:

"Mama Julienne, weye uko wa Mvula?"

"Mi wa Mvula, kabisa."

"Na ndugu yako, baba ya huyu kijana, mulitoka tumbo moja?"

"Tumbo moja."

"Basi baba njo wa Mvula." Sauti ya mjomba ilipungua. "Mutoto hatokake kwa baba. Mama yake, yeye alikuwa muntu ya nani?"

Nilisikia kikombe kikiwekwa chini.

"Alikufa mutoto akingali ananyonya," shangazi alisema. "Alikulia na bana bangu. Bao banajiita ba Mvula, na yeye akajiita hivyo. Tukamuacha tu. Ningemufukuza namna gani mu jina ya benzake?"

"Mama yake, dada."

"Wa Uyoga."

Mama yangu alinishika mkono, akaubana mpaka ukauma. Kule nje mjomba hakupandisha sauti. Alisema tu, "Godefroid, mutoto wangu, ulikuja kuoa dada yako."

Nilirudi kazini Jumatatu. Kwenye sahani mpya mstari mweusi ulikuwa umejitokeza, mnyoofu, mzuri, na Dokta aliniita nitazame. Nilizichukia kuvu zile. Hazina mama wa kufa mapema, hazina shangazi mwenye huruma. Mimi pia niliinuka kumwelekea mtu kupitia uwazi, na hakuna kitu ndani yangu kilichosema: huyu ni wewe mwenyewe. Hadi leo hakijasema.

Nikaenda kwa padri. Alinisikiliza, akasema mambo ya koo ni ya mababu; mbele ya Kanisa sisi hatuna undugu wowote, na yeye angetufungisha ndoa tukitaka. Nilitoka pale karibu nikikimbia. Kumbe mlango ulikuwapo. Lilibaki neno la mtu mmoja tu.

Godefroid alipoleta vifuko, mimi ndiye niliyeanza kusema.

"Padri amekubali. Na mimi nimekubali."

Alifungua kifuko, akakifunga tena.

"Albertine, mjomba hatakuja. Shangazi hatakuja. Nani atatuchekesha siku tutafiwa?"

"Tutalia tu."

"Bantu batasema nilioa dada yangu."

"Wewe unasemaje?"

Alinitazama kwa upole, na upole ule ndio uliomaliza kila kitu.

"Acha, yaya," alisema, kama mtu wa kwetu anavyomwita dada yake.

Alioa kiangazi kilichofuata, msichana wa Pweto, wa ukoo wa Mvula. Upande wa mama yake Godefroid hakuwa na mtu hapa mjini, kwa hiyo mjomba Ngosa, kwa kuwa ni wa Uyoga, alipanda tena lori, akaketi kwenye kiti cha mjomba wa bwana arusi. Ikahitajika pia dada, wa kumpikia bibi arusi chakula cha kwanza na kumnawisha mikono. Wakatuma mtu kwetu. Mama alisema niseme naumwa. Sikusema.

Nilipika kuku, nikapeleka sahani na birika chumbani alikokuwa ameketi, kitambaa kikimfunika hadi machoni. Alikuwa mdogo kuliko mimi, naye aliona haya. Nilimwagia maji polepole, kidole kwa kidole, yasimlowanishe nguo.

"Asante, wifi," alinong'ona.

Niliinama ili nimsikie vizuri.

"Karibu kwetu," nikamwambia.