Rovu la Mnadi

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga kabla hakujapambazuka. Mnadi wa mitumba, ambaye soko zima lilimwita Tarumbeta, aliketi kitandani akafungua kinywa amwambie bintiye, aliyekuwa akilala pale kumuuguza, apunguze moto. Pumzi ilitoka. Sauti haikutoka.

Shingo ilikuwa nyepesi. Rovu, ule uvimbe wa koo alioubeba tangu ujana, likashuka hadi nyuma ya mfupa wa kifua na kumfanya alale ameketi, lilikwisha kukatwa. Hewa sasa iliingia bila kubisha hodi. Sauti alikuwa akidhani imesinzia tu, itaamka.

Lakini jana kliniki, daktari wa upasuaji alilipapasa kovu akasema kwa upole, "Mama, tulisema mapema. Rovu kubwa namna ile hukumbatia mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Huenda sauti ikarudi, huenda isirudi. Siku ya upasuaji pumzi ilikubana mno, nikamwomba binti yako akueleze. Akasema umekubali."

Binti alikuwa akitazama sakafu.

Sasa aliingia na chai, akaipoza kwa kuimimina kikombe hadi kikombe, kama alivyofanya kila alfajiri. Mikono ile ile ilimwegemeza mgongo wodini usiku kucha. Mama aliyaona yote hayo, na ndiyo yaliyomchoma zaidi. Angekuwa adui, angemchukia, yakaisha.

"Ulijua," alinong'ona.

"Ungekataa, mama."

"Labda ningekataa. Labda ningekubali. Koo ni langu, si lako."

"Ulikuwa unakufa huku nakuona! Nikuache uende kwa ajili ya kunadi masweta?"

"Masweta hayo ndiyo yaliyokulea." Alitaka kufoka, maneno yakatoka makavu kama maganda. "Sokoni wamenipunja wangapi, nikacheka? Wewe nilikukabidhi mwili wangu nikafumba macho."

Binti alifua mashuka, akafunika chakula mezani, akachukua mkoba wake na kushika njia ya kwake.

Mama alimtazama kutoka dirishani. Zamani angemwita mara moja tu, mtaa mzima ukageuka. Akapiga makofi. Akapiga tena, hadi viganja vikawasha.

Binti alirudi mbio, akainamisha sikio karibu na midomo yake.

"Njoo tena kesho," mama alinong'ona. "Bado sijamaliza kukugombeza."